Barua ya Tatu ya Upendo

Asubuhi ile niliitwa ofisini kwa Mama Mlezi kuambiwa kwamba nimempenda ndugu yangu.

"Ndugu yangu yupi?" niliuliza, maana kwetu nimezaliwa peke yangu. Mama yangu husema mmoja alimtosha, akaufunga mlango.

"Fundi," alisema Mama Mlezi, akafumba macho kwa uchungu.

Niwaeleze mapema, msije mkamdhania Fundi mabaya. Shirika letu linatengeneza miguu ya bandia. Ndiyo kazi yetu, na ni kazi ya maana: mtu anaingia kwa magongo, baada ya wiki mbili anatoka kwa miguu miwili. Lakini ukimwuliza Mama Mlezi tunafanya nini pale, hatataja miguu. Atakuambia, "Sisi ni familia." Mlangoni kwake paliandikwa Mkurugenzi, alikibandua kile kibao siku ya kwanza, akabandika Mama Mlezi. Mkuu wa utumishi akawa Kaka wa Ustawi. Mimi ninayeandika taarifa na kupiga picha nikawa Dada wa Habari. Likizo nayo ikapewa jina, ikaitwa "kuiacha familia", sasa nani ataandika barua ya kuomba kuiacha familia? Kila siku tunasimama mduara, tumeshikana mikono, kila mmoja ataje anachoshukuru. Mwezi uliopita dada anayefanya usafi aliomba glavu. Mama Mlezi akamwambia ashukuru kwanza kwa kuwa na mikono. Akashukuru, maskini, na mikono yenyewe imebabuka kwa dawa ya choo.

"Na ndugu," aliendelea Mama Mlezi, "hawachumbiani. Mnaivuruga nyumba."

Kaka wa Ustawi alikuwa amekaa kwenye kochi la pembeni, mguu juu ya mguu, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Ndiye aliyetuona. Jumamosi, mimi na Fundi tulikuwa kituo cha basi, tumekaa benchi moja tunagawana chungwa, yeye akapita na gari la shirika akapunguza mwendo ili atuone vizuri.

"Kaka huyu amekuja kwetu kuniposa," nikasema. "Mara mbili. Alimletea mama yangu kalenda ya shirika. Yeye ni ndugu wa upande gani?"

Kaka wa Ustawi akapaliwa na mate yake mwenyewe.

"Usibadilishe mazungumzo, mwanangu," alisema Mama Mlezi kwa ile sauti yake ya asali, sauti ambayo nimeichukia miaka mitatu bila kuthubutu kuionyesha hata kwa kope. "Sikukuita kukugombeza. Nimekuita kukuponya. Fundi ameiumiza familia Ijumaa, mbele ya wageni. Nataka uniandikie barua yake ya tatu."

Ya tatu!

Pale kwetu hakuna barua ya onyo. Kuna Barua ya Upendo. Ya kwanza inakukumbusha, ya pili inakusikitikia, ya tatu inakuaga. Ukipewa ya tatu umemwaga unga, lakini umeumwaga kwa upendo, na chini yake hakuna jina la mtu, pameandikwa tu: Sisi, familia yako. Watu hudhani Kaka wa Ustawi ndiye anayeziandika. Kaka wa Ustawi hawezi kuandika hata kadi ya mwaliko. Zinaandikwa na mwenye kalamu nzuri, na mwenye kalamu nzuri ni mimi. Nimeandika kumi na nne. Mbili kati ya hizo zilikwenda kwa Fundi.

"Ukiandika hii," alisema Mama Mlezi, akanyoosha mkono juu ya meza akaushika wangu, "nitajua moyo wako uko wapi. Nafasi ya Dada Mkubwa, msaidizi wangu, iko wazi, unajua."

"Na nisipoandika?"

"Basi itabidi Kaka aandike mbili." Akatabasamu. "Itasomwa kwenye mduara, saa saba. Iwe tamu. Watu walie kidogo."

Nikatoka. Kaka wa Ustawi akanisindikiza kwa macho, nikatamani nirudi niikaze tai yake shingoni mpaka mwisho.

Sasa mtauliza, huyo Fundi alifanya nini Ijumaa? Alisema maneno manne.

Miezi michache nyuma, mfadhili alikubali kutupa nyayo za mpira, zile zinazoingia ndani ya kiatu, mwisho wa mguu wa bandia. Kila mara fomu ya kuagiza huijaza Fundi, kwa sababu ndiye anayejua nani amekatwa wapi. Safari hii Mama Mlezi aliijaza mwenyewe hotelini alikokutana na mfadhili, akisema mama ndiye anayejua wanachohitaji watoto wake. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku kimeandikwa "Upande". Mama Mlezi akadhani anaulizwa nembo ya mfadhili ichapwe upande gani. Akaandika kushoto, kwa kuwa yeye mwenyewe akipigwa picha hupenda shavu lake la kushoto. Zikaja nyayo mia tatu. Zote za kushoto. Nembo imekaa vizuri ajabu.

Mtu mwenye akili angepiga simu, akasema jamani tumekosea. Mama Mlezi akaandaa sherehe. Ijumaa wageni wakajaa, maua mezani, na mbele akasimamishwa mzee mmoja mwashi, aliyeangukiwa na ukuta akapoteza mguu wa kulia. Fundi alikuwa amekataa kumvalisha ule unyayo. Kaka wa Ustawi akauchukua, akaufunga yeye mwenyewe kwa spana, akauficha ndani ya kiatu. "Ni dakika tano tu," alisema Mama Mlezi. "Nani atatazama chini?"

Mwashi alisimama anatetemeka, jasho linamtiririka, kidole gumba cha mpira kimekisukuma kiatu upande wa nje. Wageni wanapiga makofi. Fundi akatoka nyuma alikokuwa, akapiga magoti mbele ya mzee, akafungua kiatu, akaung'oa ule unyayo, akauweka mezani katikati ya maua.

"Huu ni wa kushoto," akasema.

Basi. Akamwinua mzee akamketisha, akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshika kamera. Nilimpenda pale pale upya, na sikufungua mdomo.

*

Karakana iko nyuma ya jengo, mbali na pua za wageni. Nilimkuta amekaa kwenye stuli yake, patasi mkononi, anachonga unyayo wa kulia kutoka kwenye kipande cha mti mlaini. Vumbi la plasta limemjaa hadi kwenye nyusi. Hata hivyo nilimwona mzuri. Kuna wanaume hupendeza wakivaa. Huyu hupendeza akifanya kazi, na nilikuwa nikitafuta kila sababu ya kupita pale mchana, mara naomba gundi, mara nauliza saa na simu ninayo mkononi.

"Mwandishi," alisema bila kuinua kichwa. Ndivyo anavyoniita. "Wameshakuambia uandike?"

"Niandike nini?"

"Ya tatu."

Nikabaki nimeshika mlango. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza polepole, tangu mwanzo, nikilia mahali panapofaa. Sasa alikuwa ameninyang'anya hata pa kuanzia.

"Nani amekuambia kwamba ni mimi?"

"Wewe."

"Mimi sijakuambia kitu."

"Barua ya kwanza, mstari wa nne." Akaweka patasi chini. "'Tunakuomba walau utabasamu unapopokea maelekezo.' Walau. Humu ndani nani mwingine anaandika walau? Kaka wa Ustawi anaandika 'hangalau', tena na herufi kubwa. Wewe unaniandikia kila mchana kwenye simu: kula walau kidogo. Pumzika walau nusu saa. Nilisoma ile barua nikasikia sauti yako masikioni."

"Kwa hiyo umejua tangu..."

"Wiki saba."

"Na hukusema!"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe." Akaniangalia, na yale macho yake hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo. "Kila jioni tukitoka nasema moyoni, leo ataniambia. Tukifika kituoni unaniambia habari za paka wa jirani yenu."

"Niliamriwa, wewe. Unamjua yule mama."

"Namjua."

"Ningekataa wangempa Kaka aandike. Walikuwa wamekuandikia mambo mabaya kwenye karatasi yao. Mkaidi. Mjeuri. Mimi niliyatoa! Nilijaribu kuzilainisha."

"Hilo ndilo lililoniuma." Alisimama. Ni mrefu, na karakana ile ni ndogo, kwa hiyo akisimama mnakuwa karibu hata kama hamkutaka. "Kaka angeniandikia matusi, ningecheka, ile karatasi ningeifungia misumari. Wewe uliandika vizuri. Uliandika vizuri mpaka nikakaa hapa nikaanza kujiuliza, labda kweli nina kosa. Labda kweli sina shukrani. Mimi, mtu mzima, nikasimama mbele ya kioo cha choo cha wagonjwa nikajaribu kutabasamu, nione kama inawezekana."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimwona kabisa, amesimama mbele ya kile kioo kilichopasuka, anavuta mashavu.

"Nisamehe," nikasema.

"Ya kwanza uliiandika lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ile uliyonishika mkono."

"Ndiyo."

"Kumbe."

"Nilikushika kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika!" Machozi yalikuwa yameshanishinda. "Niliona aibu, nikaona nisipokugusa nitakufa. Usiniambie kwamba ule mkono ulikuwa uongo. Barua ilikuwa uongo. Mkono haukuwa uongo."

Alinyanyua mkono wake, nikadhani ananifuta machozi. Akauona ulivyojaa plasta, akaurudisha, akaufuta kwenye aproni, na alipomaliza kuufuta alikuwa ameshabadili nia.

"Sisi wawili tuna shida gani?" nikamwuliza. "Sema. Nitukane basi."

"Shida yetu ni kwamba wewe unawadharau kuliko mimi. Nikikusikiliza kituoni unavyomwiga Mama Mlezi, nacheka mpaka mbavu zinauma. Halafu saa mbili asubuhi unaingia ndani unamwandikia."

Nikainama nikaanza kuokota maranda sakafuni, moja moja.

"Andika ya tatu," akasema, akachukua tena patasi. "Sikukatazi, kazi ni kazi. Ila nakuomba kitu kimoja. Usiilainishe."

*

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikampigia mama. Mama yangu ni muuguzi mstaafu, miaka thelathini wodini, na simu huipokea kwa sauti ya mtu anayeuliza mgonjwa amekufa saa ngapi.

"Nimekwisha sikia," alisema. "Yule kijana wa kalenda amenipigia. Anasema huyo fundi wako amemtukana mkubwa wake mbele ya wageni."

"Mama, hakutukana."

"Mimi nilikuambia zamani. Mwanamume anayemgeuka bosi wake hadharani, mkewe atamfanyaje chumbani? Nyie mkifukuzwa wote wawili mtakula nini, mapenzi? Mtayachemsha?"

"Mama, alisema tu kwamba unyayo ni wa kushoto."

"Na ulikuwa wa kushoto?"

"Ndiyo."

"Mgonjwa amekatwa mguu gani?"

"Wa kulia."

Nilisikia redio yake ikizimwa.

"Wamemsimamisha mtu juu ya unyayo wa kushoto, kwenye mguu wa kulia?"

"Kwa ajili ya picha."

"Kidonda chake kimepona?"

"Bado hakijakauka, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... nilikuwa nimeshika kamera."

Alivuta pumzi kwa muda mrefu. Nilijua pumzi ile. Nilikuwa nikiisikia utotoni kabla ya kuchapwa.

"Mimi yule mwanamume bado simtaki," alisema mama. "Ana vumbi, na hajui kusalimia. Lakini wewe, ukiiandika hiyo barua, usirudi kwangu leo. Katafute mama huko huko kazini, nasikia wanaye."

Akakata.

*

Niliandika kwa dakika kumi. Nimewahi kuhangaika siku nzima na barua ya mtu aliyechelewa kazini mara mbili. Hii ilitoka yenyewe. Niliiweka ndani ya bahasha ya rangi ya waridi, maana Barua za Upendo zina bahasha zake, nikaandika juu jina la Fundi, nikamkabidhi Kaka wa Ustawi saa saba kasoro dakika mbili.

"Ni tamu?" alinong'ona.

"Isome utaona."

Hapo mnijue nilivyo mbaya. Nilijua kwamba hataisoma. Kaka wa Ustawi ni mtu ambaye husoma kwa sauti kwanza, kuelewa kunakuja baadaye. Barua zangu zote kumi na nne aliziona mara ya kwanza akiwa amesimama kwenye mduara, na zote alizisoma kwa hisia kubwa.

Tulisimama ukumbini, watu ishirini na mbili, tumeshikana mikono. Kushoto kwangu alikuwa yule dada wa usafi, mikono yake mikavu inakwaruza. Fundi alisimama upande wa pili, uso kwa uso nami, ametazama viatu vyake. Mama Mlezi akafumba macho, akamshukuru kila mtu kwa kuwa familia. Kisha akamwashiria Kaka.

Kaka akafungua bahasha, akakohoa, akaweka mkono kifuani.

"'Mpendwa Fundi,'" akasoma. "'Ijumaa ulisema maneno manne, na yote yalikuwa ya kweli. Nyayo zimekuja za kushoto kwa sababu Mama Mlezi alijaza fomu asiyoielewa, akadhani anaulizwa pa kuweka nembo.'"

Watu wakafumbua macho. Kaka hakugundua kitu, alikuwa ametekwa na sauti yake.

"'Mzee mwashi alifungwa unyayo usio wake na mtu asiyejua kushika spana, ili apigwe picha. Wewe ndiye pekee uliyemtazama miguuni.'" Hapo akasita kidogo kwenye neno spana, lakini mwendo ulikuwa umeshamchukua. "'Barua zako mbili za kwanza niliziandika mimi, kwa woga, na hukustahili hata koma moja. Nilitaka kubaki na kazi na kubaki na wewe, nikadhani hutajua. Nakupenda.'"

Akainua macho, kama alivyojifunza, akamtazama Fundi usoni kwa huruma nyingi, na kwa sauti ya kutetemeka akarudia, "'Nakupenda sana.'"

Ndipo akaelewa.

Dada wa usafi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaniachia mkono akajishika tumbo, na mduara ukakatika hapo. Dereva akafuata. Kaka wa Ustawi alikuwa ameigeuza ile karatasi anatafuta nyuma yake, labda iko nyingine ya kawaida.

"Hiyo si Barua ya Upendo!" alifoka Mama Mlezi, na asali yote ilikuwa imekauka.

"Sasa ya upendo ni ipi, mama?" aliuliza dada wa usafi, huku anafuta machozi.

"Ina jina langu chini," nikasema. "Na nakala nimempelekea mfadhili, pamoja na ile fomu iliyo kwenye faili zangu. Mwandiko ni wako, Mama Mlezi. Wataujua."

Aliniambia nitoke. Aliniambia mambo mengine pia, tena kwa maneno ambayo mama mlezi hapaswi kuyajua, na Kaka wa Ustawi akaomba funguo zangu kwa sauti ndogo. Nilimpa na kamera. Nilitegemea kwamba nikigeuka nitamkuta Fundi amesimama ananingoja, amenyoosha mikono. Fundi hakuwepo. Alikuwa ameshatoka.

Nilimkimbilia. Nilimkuta getini, begi la vifaa begani, ule unyayo wa mti ameuzungushia gazeti na kuukumbatia.

"Umeisikia?" nikamwuliza, nikihema.

"Nimeisikia."

"Basi?"

"Ni nzuri." Akaliweka begi sawa. "Ungeanza na hiyo."

Nimetukanwa mengi maishani mwangu, hilo ndilo lililoingia. Nikasimama pale sina kazi, sina mwanamume, na jua la saa saba kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwashi. Amekaa tangu Ijumaa hawezi kutoka hata uani."

"Naweza kuja?"

"Barabara si yangu," alisema, akaanza kutembea.

Nikamfuata. Tulitembea karibu saa nzima, yeye mbele, mimi hatua tatu nyuma, hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Ila kwenye kivuko cha barabara kubwa magari yalipozidi alisimama, akasubiri mpaka nikamfikia, tukavuka pamoja, kisha akatangulia tena. Nilikishika kile kivuko moyoni kama zawadi. Mapenzi hayana haya.

Mwashi anaishi vyumba viwili alivyojijengea mwenyewe, kuta zimenyooka kuliko za ofisi yetu. Tulimkuta kitandani, mguu uliokatwa umevimba, mkewe anaukanda kwa maji ya uvuguvugu. Fundi akapiga magoti, akafungua begi. Akatazama kidonda kwa muda mrefu, akalaani chini chini, akakisafisha, akakifunga kwa vitambaa laini. Kisha akatoa unyayo wa mti, wa kulia, akaanza kuupachika kwenye mguu wa bandia wa mzee.

Mwashi aliniangalia mimi niliyesimama mlangoni kama mdai.

"Fundi, na huyu ni nani wako?"

Fundi alikuwa na skrubu mdomoni. Aliitoa.

"Muulize mwenyewe."

Miaka mitatu nilikuwa nikimwita kila mtu kwa jina alilobandikwa: kaka, dada, mama, mwana. Sasa nikaulizwa mimi ni nani, na ulimi ukagoma. Dada wa Habari alikuwa amebaki getini. Mchumba sikuwa. Rafiki ningekuwa namdanganya mgonjwa.

"Mimi nilikuwepo Ijumaa, mzee," nikasema. "Nilikuwa napiga picha. Niliona na nikanyamaza. Naomba unisamehe. Na huyu fundi nilimwandikia barua za kumfukuza kazi, mbili, huku nampenda. Sijui ninaitwaje."

Mke wa mwashi akaliweka chini beseni la maji. Mwashi akamtazama Fundi, akanitazama mimi, akamrudia Fundi.

"Na wewe unamtaka, huyu?"

Fundi akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu karakana, na aliniangalia kwa muda mrefu, uso mzima, kama anavyoutazama mguu kabla ya kuupima.

"Sijaamua," akasema.

Nilijua kwamba ni kweli, kwa sababu Fundi hajui kusema kingine. Hakulainisha. Nililia, na sikuficha uso.

"Usilie hapo mlangoni, unaniziba mwanga," alisema. "Njoo ushike huku juu ya goti. Kwa mikono miwili. Mzee akisimama usimwachie mpaka nikuambie."

Akamvalisha mzee ule mguu. Nikapiga magoti karibu naye, bega kwa bega, nikashika. Mwashi akajiinua polepole, mkewe kwapani, uzito wake wote ukateremka kwenye ule mguu, nikausikia mikononi mwangu. Vidole vya mti vilikuwa vimeangalia mbele.

"Nimwachie?" nikauliza.

"Bado," akasema Fundi.